Anayeuliza Hajui

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu Askofu,

Usishtuke kupata barua badala ya simu. Simu yangu nimeifungia kwenye sanduku la nguo, chini ya mablanketi, na sina mpango wa kuitoa. Tena wewe kwenye simu ukibanwa kidogo tu unasema mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao, utanijibu.

Leo ni wiki ya saba tangu tumzike mume wangu. Mimi na mama mkwe tunakula pamoja, tunaulizana chumvi, basi. Juzi ilikuja barua ya ile tume iliyochunguza mlipuko wa boila pale kwenye kiwanda chenu cha kufulia. Mama mkwe hajui kusoma, akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma. Wameandika kwamba mwashaji wa zamu, yaani mume wangu, alikiondoa kibati chekundu cha fundi akawasha moto bila ruhusa. Kwa hiyo lawama ya kifo chake ni yake mwenyewe, na yule mama wa pasi aliyeungua mikono yote miwili ameunguzwa na yeye. Mama mkwe aliinuka, akaishusha picha ya mwanawe ukutani, akailaza juu ya kabati, uso chini. Iko hapo mpaka leo na sijathubutu kuigusa.

Unakumbuka siku ulipomtafutia kazi hiyo? Ulikaa sebuleni kwetu ukatuonyesha kibati chako, kile chenye nyota uliyoichonga kwa msumari, ukajivuna nacho kuliko cheti cha ndoa. Ukasema kila fundi ana chake, akikuta mashine mbovu anakitundika, na hapo hata mkurugenzi haruhusiwi kuigusa. Aliyekitundika ndiye atakayekitoa. Mume wangu alikusikiliza kama anasikiliza mahubiri. Yule mtu alikuwa hafunui sufuria bila kuuliza ni ya nani. Leo wanasema alitoa kibati cha shemeji yake.

Basi nina maswali mawili. La kwanza fupi: ulipoondoka kazini ile Ijumaa, mkesha wa mlipuko, kibati kilikuwepo?

La pili ni la darasa langu la watu wazima pale kanisani. Tuko kwenye somo la sifa za Mungu. Nikaandika ubaoni: anajua yote, anaweza yote. Kuna mama mmoja mfyatua matofali, anaongea kama anavyopanga matofali, moja juu ya jingine. Akasema, “Mwalimu, kwa hiyo ile Jumamosi ya mumeo alijua. Na uwezo alikuwa nao. Sasa alikuwa anafanya nini?” Nikafunga kitabu nikasema muda umekwisha, na muda ulikuwa umebaki nusu saa.

Wewe ulikaa chuo cha wachungaji miaka miwili kabla hujakimbilia spana, ndiyo maana ukoo mzima unakuita Askofu. Nitafutie mahali ambapo Maandiko yanasema wazi, bila kona, kwamba anajua kila kitu na hakuna kinachomshinda. Sitaki faraja. Faraja nimeletewa mpaka imejaa stoo.

Dada yako

*

Tarehe 14 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenikuta sina kazi ya maana. Kiwanda bado kimefungwa na mimi natengeneza mapasi ya majirani hapa barazani. Wifi yako anasema nimekuwa fundi wa viroba vya taka: kila anayepita ananiachia takataka yake.

Umeniagiza nikutafutie Mungu anayejua yote na kuweza yote. Nimekwenda kumtafuta, Dada. Nimesoma siku tisa, tangu asubuhi hadi wifi yako ananinyang'anya miwani. Nikuambie nilichokuta, usinikasirikie.

Anza bustanini. Watu wawili wamekula walichokatazwa, wamejificha kwenye majani. Yeye anatembea jioni yenye upepo na anaita: uko wapi? Chuoni walitufundisha kwamba aliuliza kwa heshima tu, kama mgeni anavyobisha hodi mlango ulio wazi. Mimi sasa sioni hivyo. Anayeuliza hajui. Mimi nikimuuliza wifi yako funguo ziko wapi, ni kwa sababu sijui ziliko.

Nenda mbele. Anatazama watu aliowaumba na moyo unamuuma, anajuta. Mtu hujutia alichokijua? Nenda mbele tena. Kelele za mji mwovu zinamfikia, na anasema atashuka aone mwenyewe kama mambo ni kama alivyosikia. Hivyo ndivyo mimi hufanya nikiambiwa boila inalia: nashuka nikaone. Halafu mlimani, yule baba ameinua kisu juu ya mwanawe, na sauti inamwambia: sasa nimejua kwamba unanicha. Sasa! Na jana alikuwa anajua nini?

Na kuhusu kuweza: lile kabila lililoteka nchi ya vilima, Bwana akiwa pamoja nao, walipofika bondeni walishindwa kwa sababu wenyeji walikuwa na magari ya chuma. Dada, chuma! Nilisoma mstari huo mara nne. Mimi ni mtu wa chuma, najua kilivyo kigumu, lakini sikujua kwamba kinaweza kumgomea hata yeye.

Mwambie huyo mama wa matofali kwamba pengine hakujua. Pengine alisikia mlipuko kama tulivyousikia sisi, akaja mbio kama sisi, akakuta tayari. Mimi nikimwaza hivyo napata usingizi kidogo.

Mpe shikamoo zangu mama mkwe wako.

Ndugu yako,
Askofu asiye na kanisa

*

Tarehe 22 Machi

Askofu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama kwa hasira.

Nimekutuma maji umeniletea ndoo yenye tundu. Nayajua yote hayo, mimi nafundisha Maandiko miaka kumi na sita, sikungoja fundi wa mapasi anifunulie. Sasa na wewe nisikilize. Kuna wimbo wa yule mfalme anayesema kwamba Mungu anajua kukaa kwake na kusimama kwake, na neno halijafika ulimini yeye ameshalijua. Akipanda juu, yuko. Akilala kuzimuni, yuko. Kuna nabii anayesema kwamba yeye hutangaza mwisho tangu mwanzo. Kuna yule mtu aliyepoteza watoto wote kwa siku moja akakaa kwenye majivu akijikuna kwa kigae, na bado mwisho wake anakiri kwamba Mungu anaweza mambo yote na hakuna analokusudia likazuilika. Huyo hakuwa mwanachuo. Alikuwa amefiwa kama mimi. Hata shomoro wa bei ya bure hadondoki chini yeye asijue.

Unasema ukimwaza Mungu asiyejua unapata usingizi. Mimi nikimwaza huyo wako silali kabisa. Kama hakujua, basi mume wangu amekufa kama mbuzi aliyegongwa barabarani. Hakuna aliyepanga, hakuna aliyeona, hakuna maana, ni chuma tu na mvuke. Nataka awe alijua. Nataka awe alipanga, hata kama sababu yake ni mbaya na sitaipenda. Nitagombana naye, lakini nitakuwa na mtu wa kugombana naye.

Na kuna jambo linanishangaza. Wewe hukuwa hivi. Chuo ulikiacha kwa sababu ulichoka kuamka alfajiri, siyo kwa sababu ulimwonea Mungu shaka. Leo unamtetea kama wakili anavyomtetea mshtakiwa: hakuwepo, hakujua, hakuwa na nguvu. Nani amemshtaki?

Halafu nilikuuliza maswali mawili, umejibu moja tu, tena la pili. Kule sokoni wameanza kuniambia, “Pole, lakini na yeye alikuwa na haraka.” Mtoto wa dada yake amefukuzwa mchezoni akiambiwa mjomba wake ameunguza watu. Mama mkwe anaipita picha ile kila siku akienda kuchukua vikombe, hata haitazami. Nakuuliza tena: kibati kilikuwepo ulipoondoka?

Dada yako

*

Tarehe 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Umenichapa na nimestahili. Lakini hebu tuumalize kwanza mjadala wa Mungu, maana hauniachi.

Shomoro: sawa, hadondoki bila yeye kujua. Lakini anadondoka, Dada. Maandiko hayasemi kwamba anamdaka. Na yule wa kwenye majivu: aliuliza swali moja kwa kurasa nzima, kwa nini, akajibiwa kwa upepo na orodha ya wanyama. Hakuambiwa kwa nini. Mimi ningekuwa yeye na mimi ningesema haya, unaweza yote, ili tu ile sauti inyamaze.

Na umesahau mfalme mgonjwa aliyetumiwa nabii amwambie tengeneza mambo ya nyumba yako, unakufa. Mfalme akageukia ukuta akalia. Nabii hajavuka hata ua wa nyumba, neno limebadilika, ameongezewa miaka kumi na mitano. Kama mwisho ulikuwa umeshatangazwa tangu mwanzo, machozi yale yalibadilisha nini? Umesahau pia kule kijijini kwao mwana wa seremala, ambako imeandikwa kwamba hakuweza kufanya muujiza wowote isipokuwa wagonjwa wachache. Haikuandikwa hakutaka. Hakuweza.

Nakuomba unielewe. Ukisema alijua, na aliweza, utakuwa umemfanya awe nani? Mtu aliyejua boila ni mbovu, ana miguu mizima, ana muda, na hakwenda. Mtu huyo tungemwitaje? Tungemweka wapi? Hapa mtaani tungemchoma. Nami siwezi kumpigia magoti mtu wa namna hiyo, Dada, siwezi hata kukaa naye chumba kimoja. Ndiyo maana nataka awe hakujua. Mungu asiyejua hana kosa.

Kuhusu kibati: tume iliniuliza na nilijibu chini ya kiapo. Waliniuliza, “Fundi, ulikitundika kibati?” Nikasema nilikitundika. Ilikuwa Jumatano, mshale wa geji ulikuwa umekwama. Presha ikipanda wenyewe umelala pale pale kama mlevi. Niliagiza geji mpya na nikatundika kibati kwenye komeo la mlango wa tanuri, kama sheria inavyotaka. Hayo wameandika kwenye ripoti yao, ukurasa wa tatu.

Naishia hapa, nataka kutoka kidogo.

Ndugu yako

*

Tarehe 5 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Naandika haraka kabla mwenyewe hajarudi, ameenda kusimama kwenye ukuta wa kiwanda. Ndiyo, kusimama. Kila siku anaenda, anasimama, anarudi. Sijui huwa mnaandikiana nini nyinyi wawili, bahasha ikifika anakuwa kama mtu aliyeitwa polisi. Nikimuuliza anasema ni mambo ya dini. Wifi, dini gani hiyo inayomkondesha mtu hivi? Suruali sasa anazifunga kwa kamba.

Chakula anakichungulia tu. Ninachoona akikishika kwa upendo ni kile kibati chake chekundu chenye nyota. Anakizungusha mezani kama sarafu, kinazunguka, kinaanguka, anakizungusha tena, mpaka nimekificha kwenye debe la unga na amekitafuta akakipata. Kile kile nilichokitoa mwenyewe kwenye mfuko wa shati lake la kazi asubuhi ile ya msiba, nilipokuwa natenga nguo za kufua. Najilaumu, ningejua kitakuja kumtesa hivi kwa kumbukumbu ya shemeji ningekitupa hapo hapo.

Wewe ni mkubwa wake, anakuogopa tangu mkiwa wadogo. Mwandikie maneno ya kumpoza. Mambo ya Mungu muachieni Mungu mwenyewe, anajijua.

Mimi wifi yako

*

Tarehe 11 Aprili

Mdogo wangu,

Kibati kiko wapi?

Dada yako

*

Tarehe 19 Aprili

Dada,

Kiko hapa, mbele yangu, kimelalia karatasi hii isipeperuke.

Nimeanza barua hii mara sita. Wifi yako amekiri kwamba alikuandikia, analia jikoni hajui alichosema. Hana kosa lolote. Niache niseme moja kwa moja, maana nikizunguka nitaingia tena kwenye bustani na milima.

Ile Ijumaa nilishuka chini kuitazama geji. Kibati kilikuwa kwenye komeo la tanuri, na tanuri halifunguki mpaka ukitoe, kwa hiyo nikakitoa nikakitia mfuko wa shati. Ndivyo tunavyofanya wote. Unakitoa, unachungulia, unakirudisha. Nikiwa bado nimeinama wakaniita juu, mkanda wa mashine ya kukamua umekatika na mashuka ya hospitali yamejaa maji. Nikapanda. Nikafunga mkanda mpya, nikanawa mikono na wenzangu, tukataniana, nikaenda nyumbani. Kibati kilikuwa kifuani kwangu.

Mpaka hapo ni kusahau, na kusahau ni kwa binadamu. Laiti ingekuwa imeishia hapo ningekuja kwenye maziko nikakwambia mbele ya jeneza.

Jumamosi asubuhi wifi yako alitenga nguo, akatoa kibati mfukoni, akakiweka mezani karibu na chai yangu. Nilikiona. Ilikuwa saa mbili na robo. Zamu ya shemeji ilikuwa inaanza saa nne. Kutoka kwangu hadi kiwandani ni nusu saa, nami hutembea upesi. Simu yangu ilikuwa hapo hapo, ningenyoosha mkono tu. Nikakitazama kile kibati na nikajua kila kitu, Dada: kwamba tanuri liko wazi, kwamba geji ni mbovu, kwamba yeye ndiye mwenye zamu. Halafu nikajiambia, shemeji ni mtu wa kuuliza, hawezi kuwasha bila kuniuliza. Nilikuwa nimenyoosha miguu. Ilikuwa siku yangu ya kupumzika. Nikamimina chai ya pili.

Baadaye nilienda kunyoa. Mlipuko uliponifikia nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Watu waliniona nikikimbia na shuka la kinyozi shingoni na wakasema, tazama anavyompenda shemeji yake.

Tume waliuliza kama nilikitundika. Nikasema nilikitundika, na ni kweli. Hawakuuliza kama nilikitoa. Nilikaa pale nikingoja waulize, naapa nilingoja. Mwenyekiti akafunga faili.

Sasa unajua kwa nini nilikuwa nakutafutia Mungu asiyejua. Yule wako, anayejua na kuweza na kukaa, namfahamu. Ni mimi na kikombe changu. Ningemwomba nini? Angeninyooshea kidole gani? Lakini kama hakujua, basi kwenye jambo hili kuna angalau mmoja aliye safi, na nikimlilia hatanijibu kwamba na yeye alikuwa ameketi.

Sikuombi kitu. Niambie tu nifanye nini.

Ndugu yako

*

Tarehe 30 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika Alhamisi. Nimekaa nayo siku nne sijakujibu, na siku mbili za kwanza ningekuwa na wewe karibu ningekupiga kwa chochote kilichokuwa mkononi. Chai ya pili! Nimeshindwa kunywa chai tangu siku hiyo.

Sasa nisikilize, na ukae chini.

Uliniandikia kwamba anayeuliza hajui. Nilipokuuliza katika barua ya kwanza kama kibati kilikuwepo, nilikuwa najua hakikuwepo. Mume wangu alinipigia simu ile Jumamosi saa tatu na nusu. Alikuwa amewahi kazini kama kawaida yake. Akasema, “Mke wangu, kibati cha mdogo wako hakipo, lakini huu mshale wa geji siupendi, umelala. Nimpigie?” Nami nilikuwa nasahihisha madaftari, yamejaa meza nzima. Nikamwambia, “Mwache mtoto wa watu apumzike, leo siku yake. Na kibati kikiwa hakipo si ndiyo ruhusa yenyewe?” Akacheka. Akasema, “Haya, Mwalimu.” Sikumsikia tena.

Kwa hiyo alitaka kukuuliza. Ulimjua vizuri, yule mtu wa kuuliza. Mimi ndiye niliyemnyamazisha. Simu iko chini ya mablanketi kwa sababu hiyo. Jina lake ndilo la kwanza kwenye orodha.

Ripoti ilipokuja nilijua ni uongo wakati naisoma, sauti yangu ikiendelea kusoma. Ningeweza kusimama siku ile ile nikamwambia mama mkwe, mwanao hakuondoa kibati, aliniambia mwenyewe hakipo. Ningeweza kupanda basi kwenda kwenye tume. Lakini wangeniuliza, na wewe ukamjibu nini? Basi nikanyamaza, nikaiacha ile picha ilale kifudifudi wiki hizi zote, na nikakuandikia wewe, nikiwa najua, ili useme wewe. Nilijua, niliweza, na sikwenda. Umesema mtu wa namna hiyo mtaani angechomwa.

Ndiyo maana nilimtaka Mungu aliyepanga. Aliyepanga ndiye mwenye kosa. Wewe ulimtaka asiyejua, mimi nilimtaka mwenye mpango, na wote wawili tulikuwa tunamtafutia kazi ya kutubebea mzigo wetu.

Jumapili nilirudi darasani. Mama wa matofali alikuwa mstari wa mbele, ananingoja. Nikafuta nilichokuwa nimeandika ubaoni. Nikawaambia ukweli: kuna mahali Maandiko yanasema anajua yote na anaweza yote, na kuna mahali yanamwonyesha akishuka kutazama, akijuta, akibadili neno. Nimetafuta na nimetafutiwa, na sijui namna ya kuyafanya yote yawe kitu kimoja. Nikitaka kuwadanganya naweza, maneno ninayo. Ila nikawaambia kwamba bustanini aliuliza. Labda hakujua. Labda alijua na alikuwa anawapa nafasi ya kutoka majanini kwa miguu yao. Mama akauliza, “Na wao walijibuje?” Nikasema mume alimsingizia mke, mke akamsingizia nyoka. Darasa likacheka. Yeye hakucheka, akasema, “Basi hakupata jibu mpaka leo.” Na nusu saa iliyobaki sikufunga kitabu.

Leo asubuhi nimemwambia mama mkwe sehemu yangu, habari ya simu na nilichojibu. Alikuwa anachambua mchele, aliendelea kuchambua mpaka ukaisha. Kisha akauliza, “Kwa hiyo mwanangu hakukitoa. Alikitoa nani?” Hiyo ni sehemu yako, na siwezi kukutolea kibati chako. Nafikiri ameshajua. Akasema, “Mwambie aje.”

Nikaenda kabatini kuinua picha. Akanishika mkono, Askofu, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Akasema, “Iache. Sikuilaza mimi, mmeilaza ninyi. Mtaiinua mkiwa wote.”

Njoo Jumamosi na kibati. Utamwambia yeye kwanza, kwa kinywa chako, bila Maandiko. Jumatatu tutaenda kwenye tume, nao watatuuliza, na safari hii tutajibu hata wasichouliza. Halafu tutakwenda kwa yule mama wa pasi.

Sijakusamehe. Usiniombe kwa barua, na usinisamehe kwa barua. Lakini nitakaa benchi moja na wewe, maana bustanini waliojificha walikuwa wawili.

Kula kitu kabla hujasafiri, njia ni ndefu.

Dada yako